Mishale yote inaelekea kituoni! Naomba msaada wa programu ya kuchora mikondo ya maji kwa data ya rada

MwanaKadutu (Bukavu)
Ba yaya na ba dada, jambo kwenu. Niko mwaka wa mwisho chuoni hapa Bukavu, na kazi yangu ni juu ya mikondo ya juu ya maji. Sababu wa huku mnaijua: mvua ikinyesha, mifereji inashusha chupa za plastiki ziwa Kivu, zinaelea hadi mto Ruzizi na kuziba mitambo ya bwawa. Nataka kujua zinapita njia gani.

Nimesoma kwamba nchi za pwani zinachora mikondo ya bahari saa kwa saa kwa kutumia rada. Nikapakua faili ya mfano ya kituo kimoja cha California, ile inayoishia na .ruv, nikaichora kwa lugha ya programu ya Python. Mishale yote ama inaelekea kituoni ama inakimbia kituo. Hakuna hata mmoja unaokatiza! Bahari gani inatembea hivyo? Matlab, ile programu ya hesabu ya kulipia, sina leseni, laptopu yangu ina RAM ya giga 4, na mega za intaneti nazihesabu. Prof anayeniongoza anataka kuona ramani kabla ya kukubali mada. Nitumie programu gani?

FundiMawimbi (Lubumbashi)
Mdogo wangu, mchoro wako ni mzima. Kituo kimoja hakijui mkondo unaelekea wapi, kinajua tu kama maji yanakikaribia au yanakiacha, na kwa kasi gani. Ni kama kufumba macho kando ya barabara: unasikia pikipiki inakuja au inaenda, basi.

Rada inatuma mawimbi ya redio juu ya maji ya chumvi. Mawimbi ya bahari yenye urefu (kutoka kilele hadi kilele) wa nusu ya wimbi la redio ndiyo yanayorudisha mwangwi wenye nguvu. Ukitumia megahezi 13.5, wimbi la redio lina mita 22 hivi, kwa hiyo rada inasikiliza mawimbi ya bahari ya mita 11. Katika maji ya kina kirefu, wimbi la urefu huo linatembea kama mita 4.2 kwa sekunde. Mwangwi ukionyesha kasi zaidi au pungufu ya hiyo, tofauti ndiyo mkondo. Mtafiti Crombie alitambua jambo hili mwaka 1955.

Unahitaji faili za vituo viwili au zaidi, za saa ileile, vinavyoona eneo moja kutoka pande tofauti.

Bahati_wa_Himbi (Goma)
Si waweke rada mbili Kivu, moja Goma na moja kisiwani Idjwi, tumalize?

FundiMawimbi (Lubumbashi)
Yaya Bahati, chumvi ndiyo inayobeba yale mawimbi ya redio mbali. Baharini, rada ya megahezi 5 inafika karibu kilomita 200. Juu ya maji yasiyo na chumvi nguvu inakufa mapema. Marekani waliijaribu kwenye maziwa yao makubwa. Ilifanya kazi, lakini umbali ulipungua sana. Kivu ina madini kuliko maziwa mengi, hata hivyo haikaribii bahari. Na hizo pesa nani atatoa?

DadaNeema_SIG (Goma)
Mwanakadutu, nijibu upande wa programu. HFRProgs inajulikana sana lakini imeandikwa kwa Matlab, iache. Chukua HFRadarPy ya watu wa chuo cha Rutgers, ni ya bure na ni Python. Inasoma .ruv, inapima ubora wa data, inatoa faili za NetCDF, aina ya faili za data za kisayansi. RAM ya giga 4 inatosha ukishughulikia saa moja moja.

Kuunganisha vituo, mimi ningekushauri uandike mwenyewe, maana siku ya kutetea kazi watakuuliza. Chora gridi. Kwa kila nukta, kusanya vipimo vyote vilivyo ndani ya duara, tuseme kilomita 3 kama gridi yako ni ya 2. Kila kipimo ni mlinganyo mmoja: u mara sini ya pembe, jumlisha v mara kosini ya pembe, sawa na kasi iliyopimwa; u ni mwendo wa kwenda mashariki, v wa kwenda kaskazini. Pembe ihesabiwe kutoka kaskazini, kufuata uelekeo ambao kasi inahesabiwa kuwa chanya. Visivyojulikana ni viwili, milinganyo ni mingi. Numpy, maktaba ya hesabu ya Python, inatatua kwa mstari mmoja.

Hapo kuna mitego. Kwenye faili hizo kasi chanya ina maana maji yanakuja kituoni, na kasi ni sentimita kwa sekunde. Ukigeuza alama, ramani itapendeza na itakuwa ya uongo. Halafu tazama pembe kati ya mistari inayotoka vituo viwili hadi kwenye nukta: ikiwa chini ya nyuzi 30 au zaidi ya 150, tupa nukta hiyo. Kwenye mstari unaounganisha vituo vyenyewe, rada zote mbili zinaona upande mmoja tu wa mwendo, kwa hiyo hapo huna ramani hata ukilazimisha.

MwanaKadutu (Bukavu)
Asante sana dada Neema! Hizo nafasi tupu nazijaza vipi? Prof hapendi ramani yenye matundu.

DadaNeema_SIG (Goma)
Ziache tupu. Zipo mbinu, ile ya watafiti Kaplan na Lekien ya 2007 inajaza kwa kufuata umbo la pwani. Lakini tundu likiwa kubwa, unachoona ni hesabu, si maji. Mwambie prof hivyo kwa heshima.

Na usipakue faili zote. Mtandao wa rada wa Marekani unatoa ramani zilizokwisha kuunganishwa, za kila saa, gridi ya kilomita 6, 2, 1 au mita 500. Kwenye seva ya ERDDAP unakata eneo na siku unazotaka tu. Pakua siku moja, ulinganishe na ulichokokotoa.

Bahati_wa_Himbi (Goma)
Sawa, lakini chupa za Bukavu haziko California. Mimi naona bahari iwe sura ya mbinu tu, ziwani utupe maboya. Mbao mbili zilizokatana msalaba, kitambaa chini ya maji kama mita moja, simu yenye GPS ndani ya bidoni iliyofungwa vizuri. Juu ya maji ibaki kidogo sana, la sivyo utapima upepo. Ongea na wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanakesha ziwani kila usiku na watakuokotea.

FundiMawimbi (Lubumbashi)
Bahati kasema kweli, ingawa chupa tupu yenyewe inasukumwa na upepo, kwa hiyo boya la namna hiyo na chupa havitaenda sawa. Tupa vyote viwili. GPS ya simu ikikosea mita 5 na ukisoma kila dakika 10, kosa la kasi ni kama sentimita 1 kwa sekunde. Usisome kila dakika moja, utachora kelele. Ukishapata mikondo, OpenDrift ya Wanorwe itakuonyesha kitu kinachoelea kingefika wapi. Nayo ni Python, ya bure.

MwanaKadutu (Bukavu)
Nimepata faili ya kituo cha pili. Saa zake zinasema 06:00, nizilinganishe na saa ya Bukavu?

DadaNeema_SIG (Goma)
Hapana, faili zote mbili ziko kwa UTC, saa ya kimataifa, ziache hivyohivyo. Saa mbili za kwetu utaziongeza kwenye maboya ya ziwani tu, kama simu itaandika UTC. Angalia hilo kabla ya kutupa.