Mwanamke akipigwa hadharani na anayedai kuwa mumewe, je, tulio karibu tuingilie?

Binti Mbagala ameuliza:

Wanajamvi, salaam. Mwanamume anapompiga mwanamke mbele za watu wasiomfahamu yeyote kati yao, je, watu hao wana wajibu wa kuingilia, au wanaruhusiwa kuendelea na safari zao? Juma lililopita, kwenye kituo cha daladala, mwanamume alimkaba dada mmoja kwa mtandio wake na kumchapa makofi mfululizo. Kondakta na vijana wawili wa bodaboda walikuwa wameshaanza kusogea, lakini yule mwanamume aliposema, “Huyu ni mke wangu, mambo yetu hayawahusu,” wakarudi nyuma kana kwamba wameonyeshwa kibali cha serikali. Hakuna aliyemuuliza dada yule kama ni kweli. Aliyemwokoa ni mama muuza vitumbua, ambaye hakugombana na mtu: alimshika dada mkono, akamketisha nyuma ya meza yake, kisha akasimama kati yao mpaka mwanamume akaondoka. Nyumbani wameniambia kwamba wagombanao ndio wapatanao, na kwamba mama yule alijihatarisha bure. Mimi sikubaliani nao, lakini ningependa kujua sheria inasemaje.

Wakili wa Dodoma amejibu:

Dada, hata kama madai ya mwanamume huyo yalikuwa ya kweli, hayakumpa ruhusa yoyote. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata pale ambapo mila inasema vinginevyo. Kilichotendeka kituoni ni shambulio kama mashambulio mengine, na kifungu cha 18A cha Kanuni ya Adhabu kinampa kila mtu haki ya kujitetea yeye mwenyewe na kumtetea mwingine. Mpaka wake umewekwa na kifungu cha 18B, kinachotaka itumike nguvu inayohitajika tu. Kumtenganisha au kumshika mikono ni halali, lakini kumwangusha na kuendelea kumpiga mateke akiwa tayari yuko chini kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Ufaransa, anayeacha kwa makusudi kumsaidia mtu aliye hatarini, ilhali angeweza bila kujihatarisha, anaweza kufungwa hadi miaka 5. Kwetu sheria inamruhusu mpita njia lakini haimlazimishi, kwa hiyo wajibu unaouliza ni wa dhamiri, na kwangu mimi upo.

Mzee wa Kahama amejibu:

Wanangu, nimekulia Usukumani, ambako tangu sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa vijijini, walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, yowe likipigwa watu hutakiwa kutoka, na anayejifungia ndani huweza kutozwa faini. Siibezi desturi hiyo, kwa sababu imeokoa watu na mifugo. Hata hivyo, anayekuja mbio na rungu hajui nani ameanza, na mtu mmoja akitamka neno “mwizi”, wale ambao magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali huua kabla ya kuuliza. Isitoshe, anayethubutu kumpiga mwanamke mchana kweupe huenda ana kisu kiunoni. Kijana mwenye watoto wanaomtegemea asisukumwe kuingia mikono mitupu. Apige simu 112, abaki pale pale, ashike sura, mavazi na namba ya pikipiki, kisha awe tayari kusimama mahakamani.

Mama Umoja wa Nairobi amejibu:

Mzee, shikamoo. Hofu yako kuhusu kisu na umati ni ya haki, lakini simu peke yake haitoshi wakati polisi wako mbali na mtu anakabwa sasa hivi. Novemba 2014, hapa Nairobi, mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye kituo cha matatu, na video iliyosambaa ilipigwa na mtu aliyekuwa pale pale. Mwaka huohuo Kanuni ya Adhabu ya Kenya iliongezewa kifungu cha 251A, chenye kifungo kisichopungua miaka 10 kwa kosa hilo. Ni sheria njema, ila ilimfikia mama yule akiwa ameshadhalilishwa.

Kuhusu vijana waliorudi nyuma, watafiti Shotland na Straw walilichunguza jambo hilo Marekani mwaka 1976 kwa kuigiza ugomvi wa mwanamume na mwanamke. Mwanamke aliposema hamfahamu mwanamume, asilimia 65 ya walioshuhudia waliingilia. Aliposema maneno yaliyoonyesha kuwa ni mumewe, waliingilia asilimia 19 tu. Kipigo ni kilekile, kilichobadilika ni maneno! Ndiyo maana nawafundisha binti zangu kupaza sauti: “Simfahamu huyu!” Utafiti mwingine wa kamera za barabarani katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town ulipitia ugomvi 219, na katika takriban 9 kati ya kila 10 kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyeingilia, tena kadiri watu walivyokuwa wengi, ndivyo uwezekano huo ulivyoongezeka. Kwa hiyo Mzee, hatuhitaji kijana mmoja wa kufa. Mguse aliye kando yako, mwambie, “Twende wote,” kisha zungumza na anayepigwa, si na anayepiga.

Binti Mbagala ameandika:

Nawashukuru sana. Je, kama dada mwenyewe, kwa hofu, atasema, “Ni mume wangu, niacheni”?

Wakili wa Dodoma amejibu:

Usimvute kwa nguvu, wala usiondoke. Bakini karibu, mkionekana, mpaka kipigo kikome. Mkipata nafasi ya kumnong’oneza, mwambieni kwamba kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na kwamba akiwa ameumia aombe hapo fomu ya PF3, ile ya polisi ya majeruhi, aende nayo hospitali. Mwandikieni pia majina na namba zenu za simu kwenye karatasi, kwa kuwa huenda akaamua kushtaki baada ya miezi kadhaa, na wakati huo atahitaji shahidi.