Tupeane uzoefu: kijisanduku cha mbao ulichotengeneza mwenyewe kikakuumbua

Randa Butu
Jana nahamisha vitu vya mama, chini ya kitanda nikakutana na kijisanduku nilichomtengenezea mwaka 2011, cha kuwekea hereni. Kifuniko kimejikunja kama dagaa juani. Ndani kaweka risiti za LUKU na vifungo vya mashati ya marehemu baba. Mbao ni mninga, niliinunua Buguruni Malapa, muuzaji akaniambia "kavu hiyo, gonga usikie". Nikagonga. Sasa mie nilijua nasikiliza nini? Haya, mnaojifanyia ufundi uani na barazani, semeni yaliyowakuta. Habari za makabati na vitanda msilete, hapa ni vijisanduku tu.

Msumari wa Nne
"Gonga usikie" hahaha. Wote tumegonga.

Bin Msaji
Mninga na kisanduku kidogo wapi na wapi? Huku Unguja mie hutumia msaji, nyie mnauita mtiki, nikikosa natafuta mfenesi. Mfenesi ukiupiga randa unatoka manjano, ukikaa miaka unageuka kahawia wenyewe, wala huhitaji rangi.

Kaka wa Sakina
Usiusingizie mninga, mkuu. Mninga ukikauka sawasawa ni katika mbao zinazotulia kuliko nyingi. Aliuziwa mbichi, basi. Hata huo msaji wako ukiwa mbichi utakunja.

Bin Msaji
Sijausingizia. Nimesema wapi na wapi.

Mtoto wa Chumbageni
Jamani mmenikumbusha jambo nililoapa kutolisema.

Mwaka ule napeleka posa Tanga, natokea Dar. Nikasema barua haiendi kwenye bahasha kavu kavu, natengeneza kijikasha. Mvule, urefu inchi 8, upana 5, kina 3. Mbao ilinitesa, mle ndani mna vijiwe, msumeno ukigusa tu meno yamekwisha. Vumbi lake likanivimbisha macho siku mbili. Lakini kikatoka, wallahi kikatoka. Mahameli nyekundu ndani, bawaba mbili za shaba, vanishi mikono mitatu. Mkono wa mwisho niliupiga Alhamisi usiku, na kingo za kifuniko nikazipaka pia. Ijumaa nikagusa, hainati kidoleni. Nikafunga, nikaviringisha kwenye kanga, nikakitia ndani ya begi, begi likaingia kwenye buti la basi, juu yake mabegi ya watu. Mwezi wa kwanza, mnajua joto lake.

Jumamosi tumeketi ukweni, wazee wamejaa. Mshenga wetu akakohoa, akasema maneno yake mazuri ya jogoo na tetea, akakiweka kijikasha mkekani. "Barua yetu na kishika uchumba vimo humu." Akashika kifuniko. Kijikasha chote kikanyanyuka. Akakishusha, akacheka kidogo, akajaribu upande wa pili. Akakiweka mapajani, akakaza meno. Mie nimekaa nyuma, jasho linanitoka hadi kwenye soksi.

Baba mdogo wa binti akauliza, "Mmetuletea barua au mmetuletea jeneza?"

Kikaletwa kisu cha kumenyea viazi kutoka jikoni. Mshenga akakizungusha kwenye kingo, nasikia vanishi inalia kraa, kraa, kila mlio unanipita mgongoni. Mwisho kifuniko kikang'oka na bawaba zake na kipande cha mahameli. Barua ikasomwa. Halafu shangazi mtu akauliza fundi ni nani, na yule mshenga, ambaye nilimlipia nauli mwenyewe, akanigeukia akaninyooshea kidole.

Msumari wa Nne
Ukaoa hukuoa??

Mama Njumu
Nauliza hilohilo. Acheni habari za mbao kwanza.

Mtoto wa Chumbageni
Nilioa. Mahari ilipanda kidogo, sitaki kusema ni kwa ajili ya nini.

Kaka wa Sakina
Pole, kaka. Ila ulijitakia. Vanishi ikiacha kunata kidoleni haijakauka bado, inaendelea kukomaa kwa siku nyingi, na vipande viwili vilivyopakwa vikibanwa na joto vinashikana. Mimi kingo sipaki kabisa, nasugua nta ya nyuki tu.

Fundi Jumapili
Kingo usipopaka unyevu unaingia hapohapo. Paka, ila subiri wiki mbili na kifuniko ukiache wazi. Au pita na unga wa talki.

Msumari wa Nne
Au nenda posa na bisibisi mfukoni.

Mama Njumu
Mimi ndani ya kisanduku sitii mafuta wala vanishi. Nilipaka mafuta ya kitani, mteja akaweka kanga za harusi, mpaka leo ananiambia zinanuka. Ndani pakiwa na shelaki iliyoyeyushwa kwa spiriti panatosha, inakauka haraka na harufu inaondoka. Na wanaopiga misumari ya shaba kama makasha ya Mji Mkongwe: toboeni kwanza kwa drili. Msumari wa kumi na moja ndio utakaoipasua mbao, na kumi umeshaipiga.

Fundi Jumapili
Misumari ya nini, gundi ipo? Mimi naunganisha boksi zima limefungwa pande sita, gundi ikikamata nalikata kifuniko kwa msumeno. Nyuzi za mbao zinaendana juu na chini kama hakijakatwa.

Mama Njumu
Baba, misumari ya njumu ni pambo. Nani kakwambia naungia?

Fundi Jumapili
Samahani mama, nilisoma haraka. Mimi kuna siku niliweka vimisumari pembeni "kwa usalama" nikasahau, nikapita na msumeno wa umeme palepale. Cheche. Kipande cha jino la msumeno kipo ukutani hadi leo.

Dodoma Kavu
Mimi nilitengeneza Dar wakati wa masika, kitako nikakigandisha gundi pande zote nne. Nikahamia huku. Mwezi wa nane usiku nikasikia paa! Nikadhani panya. Kumbe kitako kimepasuka katikati. Sasa nachonga mfereji kwenye mbao za ubavuni, kitako nakichomeka humo bila gundi, kicheze kinavyotaka.

Bin Msaji
Msaji usingepasuka.

Kaka wa Sakina
Tumeanza tena.

Randa Butu
Jamani, kifuniko cha mama nakinyooshaje?

Fundi Jumapili
Lowesha upande ulioingia ndani, laza hivyohivyo, weka tofali juu.

Dodoma Kavu
Usiguse! Kiache.

Randa Butu
Nimelowesha, nikaweka tofali mbili badala ya moja. Kimepasuka. Mama hajaona bado. Mwenye kipande cha mninga, inchi 6 kwa 4, kavu, anitumie ujumbe. Kavu kweli. Sigongi tena.