Mtoto wa mgongo wazi akihitaji katheta shuleni, ni kazi ya nani?

Mleta mada (mama, Mwanza)

Wadau, salaam. Mwanangu yuko darasa la nne, shule ya serikali. Alizaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga vizuri alipokuwa tumboni. Anatembea kwa magongo, kichwani yuko vizuri kabisa, hesabu anawaelekeza wenzake. Shida iko kwenye kibofu. Kwa watoto wengi wa mgongo wazi neva za kibofu hazifanyi kazi sawasawa, mkojo hautoki wote wenyewe. Usipotolewa kwa mpira mwembamba, yaani katheta, kila baada ya saa nne hivi, unalala humo, unaleta maambukizi, unarudi juu na kuharibu figo polepole. Mimi namtoa saa kumi na mbili asubuhi kabla hajaondoka. Anahitaji tena saa nne, na tena saa nane, kwa sababu darasa la nne wanabaki kwa masomo ya ziada kujiandaa na upimaji wa taifa.

Mwalimu mkuu kanipa njia tatu: nije mwenyewe kila siku, niajiri dada wa kumfuata, au nimhamishie shule maalumu. Mimi ni mama lishe. Saa nne ndiyo supu na chapati, saa nane wali bado unauzika. Nikiacha moto saa hizo, siku imekwisha. Na dada wa kazi atakula nini kwangu?

Msimamo wangu nausema mapema ili mnipinge vizuri: shule inayomdai mzazi alete msaidizi inatoza ada kwa mlango wa nyuma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, kifungu cha 27, inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule za kawaida, na apewe huduma anazohitaji na mwalimu mwenye sifa au aliyepangiwa kazi hiyo. Haisemi mama yake aje na sufuria mkononi. Karibuni.

Mwalimu (Shinyanga, mwaka wa kumi na tatu kazini)

Mama, pole na hongera kwa kumfikisha darasa la nne. Sasa nikupinge kama ulivyotaka.

Sheria naijua. Hiyo sheria haijawahi kuniletea mtu. Darasani kwangu wako zaidi ya mia moja, niko peke yangu. Tangu elimu bila ada ianze 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake imekuwa ikibaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Kinachofika kinanunua chaki, karatasi za mitihani na ukarabati wa kitasa. Humo hamna msaidizi.

Jingine ambalo watu hawapendi kulisema: unaniomba mimi, mwanaume, niingie chooni na mtoto wa watu na kumshika sehemu za siri, kila siku. Siku mtoto akiumia, au jirani akianzisha maneno, nani atasimama nami? Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 haina mchezo, na haifai kuwa na mchezo. Mwalimu anayekataa kazi hiyo usimwite hana utu. Anajilinda. Ualimu nilisomea kufundisha, uuguzi sikusomea.

Mchangiaji (Dodoma)

Mbona mnazunguka. Shule maalumu zipo, za bweni, zina watu waliosomea. Mpeleke huko apate wenzake, na wewe upike kwa amani.

Mleta mada

Ndugu wa Dodoma, shule gani? Buigiri hapo kwenu ni ya wasioona. Tabora na Buguruni ni za viziwi. Vitengo vingi vilivyo ndani ya shule za kawaida ni vya watoto wenye ulemavu wa akili. Wangu anaona, anasikia, na akili anayo. Aende kujifunza nukta nundu au lugha ya alama? Tena mwaka 2023 Wizara ya Elimu yenyewe ilizuia bweni kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la nne ila kwa kibali, kwamba watoto wadogo walelewe na wazazi. Kwa hiyo mtoto asiye na ulemavu ni mdogo mno kwa bweni, wangu mwenye figo za kuchungwa ndiye amekomaa?

Mwalimu, hoja yako ya kushika mtoto naiheshimu. Sijasema wewe ndiye umtoe mkojo. Nimesema isiwe lazima niwe mimi. Hapo katikati pana nafasi kubwa.

Mzazi (Mombasa)

Hamjambo. Huku kwetu jambo hili ni la zamani, hasa shule za kibinafsi. Mwanangu ana usonji. Shule ilikubali kumchukua kwa sharti nimlipe msaidizi wa kukaa naye darasani. Nikalipa, na sijuti kwa hilo: msaidizi yule nimemchagua mwenyewe, namjua, mwanangu alimpenda. Wazazi wengine wasiokuwa na uwezo watoto wao walirudi nyumbani, hilo ni kweli na ni uchungu.

Lakini mimi nina neno tofauti na lenu. Alipokuja msaidizi, mwalimu wa darasa alimsahau mwanangu kabisa. Maswali hamuulizi. Daftari halisahihishi. Nikienda kuuliza maendeleo yake, mwalimu anamgeukia msaidizi: "Mwambie mama." Msichana aliyeishia kidato cha nne ndiye aliyekuwa mwalimu wa mwanangu, kwenye shule ninayolipia karo. Kwa hivyo dada wa Mwanza, hata wakikubali kukuletea mtu, uliza mtu huyo anasimama wapi. Kwa mwanao ni kazi ya kibofu tu, itakuwa rahisi kidogo. Kwa wenye usonji msaidizi huweza kuwa ukuta.

Mwalimu (Shinyanga)

Hapa mama wa Mombasa kasema kweli, na sisi walimu tuna hatia hapo. Msaidizi akiwepo, mwalimu anapumua na kumwachia. Nimeona.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Halmashauri zina asilimia kumi ya mapato ya ndani, mbili zake ni za watu wenye ulemavu. Dai huko ulipiwe msaidizi. Tatizo letu ni kulalamika bila kujua fedha ziko wapi.

Mjumbe wa kamati ya shule (Geita)

Mkuu wa Dar, usimpoteze mama wa watu. Zile ni mikopo ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Unakopa, unarejesha. Hazilipi mshahara wa msaidizi shuleni.

Kinachowezekana ni kidogo kuliko mnavyodai lakini kipo. Kamati ya shule inapitisha mpango na bajeti ya shule. Mzazi ana haki ya kuja kwenye kikao na jambo lake likaandikwa kwenye muhtasari. Walimu wakuu wengi wanajibu kwa mdomo ofisini, na jibu la mdomo halina rufaa. Omba kwa barua, nakala kwa afisa elimu kata na afisa elimu maalumu wa halmashauri. Sikuahidi fedha. Mwalimu mkuu akijibu kwa maandishi kwamba "mtoto asije bila msaidizi wa mzazi", hapo atafikiri mara mbili kabla ya kupiga mhuri.

Muuguzi (Mwanza)

Nimesoma yote, nikacheka kidogo, samahani. Mnaongea kana kwamba ni upasuaji. Hii kazi akina mama tunawafundisha wodini siku chache, wengine hawakumaliza darasa la saba, na wanaifanya vizuri. Haihitaji chumba cha upasuaji, inahitaji usafi: maji, sabuni, katheta safi, kilainishi. Kumbukeni pia kwamba watoto hawa wako kwenye hatari kubwa ya kupata mzio wa mpira wa asili, yaani lateksi, kwa hiyo glavu na katheta ziwe za aina isiyo na lateksi.

Swali langu kwa mleta mada, na usinikasirikie: mtoto wa darasa la nne mwenye akili nzuri na mikono mizima, kwa nini hajitoi mwenyewe? Wengi tunawaanzisha wakiwa na miaka sita, saba. Akifika umri wa mwanao anatakiwa awe anafanya, mtu mzima anaangalia tu.

Mleta mada

Nisikukasirikie kwa nini, dada, swali ni zuri. Anajitoa. Nyumbani anakaa kwenye kigoda, anaegemea ukuta, anajitoa mimi nikiwa mlangoni. Shuleni choo ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Mlango haufungi. Hakuna pa kukaa, hakuna pa kuweka kifaa kikabaki safi, maji yako bombani upande wa pili wa uwanja. Mtoto wa magongo mawili ashike magongo, ashike katheta, ashike chupi, kwa mkono wa ngapi? Na wenzake wakichungulia? Alijaribu, akaangusha katheta kwenye uchafu, akarudi darasani akaacha kunywa maji. Sasa ndiyo mbinu yake: hanywi maji tangu asubuhi. Wewe muuguzi unajua maana yake.

Muuguzi (Mwanza)

Najua. Hiyo ndiyo njia ya kwenda kwenye figo. Basi jamani, mjadala umebadilika. Hapa hatutafuti mtu wa kumshika mtoto. Tunatafuta kachumba chenye komeo, benchi, ndoo ya bomba na sabuni, na mtu mzima wa kukaa nje. Hata stoo ya vitabu inatosha. Mimi niko tayari kuja kuwaelekeza walimu wawili, wa kike na wa kiume, nikipewa barua ya kuniita.

Mchangiaji (Dodoma)

Na watoto wengine mia moja wakae bila mwalimu wakati yeye yuko nje ya stoo?

Mleta mada

Saa nne ni mapumziko, ndugu. Wanakunywa uji wote. Kuhusu saa nane, Baraza la Mitihani lenyewe linampa mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu dakika za ziada kwa kila saa ya mtihani, na nchi haijaanguka. Robo saa ya stoo ndiyo itaangusha shule?

Mwalimu (Shinyanga)

Kwa kachumba nakubali, na kukaa nje ya mlango nakubali. Hilo nitalifanya hata kesho. Ila msidhani tumemaliza. Huyu mtoto anajiweza. Pembeni yake kuna mwenye mtindio wa ubongo anayevalishwa pampasi, mikono haishiki hata kijiko. Huyo benchi na komeo havimsaidii, anahitaji mikono ya mtu. Mtu huyo alipwe, awe na cheo, awe na maandishi yanayosema kazi yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Mleta mada anasema asilipe mzazi. Nami nasema asilipe mwalimu kwa kazi isiyo yake. Serikali ikinyamaza, tunabaki wawili tunatazamana ofisini.

Mleta mada

Tutazamane basi, Mwalimu, lakini mtoto awe ndani ya darasa wakati tunatazamana. Kilichoniudhi si kwamba mwalimu mkuu hana msaidizi. Kilichoniudhi ni kwamba njia zake zote tatu zilikuwa mimi nije, mimi nilipe, au mtoto aondoke. Barua naandika leo usiku. Muuguzi, nikuandikie jina la kituo chako au lako?

Muuguzi (Mwanza)

La kituo. Mganga mfawidhi ndiye ataniruhusu. Na andika "maelekezo kwa walimu wawili", usiandike "msaada", ukiandika msaada barua itakaa mezani.

Mjumbe wa kamati ya shule (Geita)

Na usisahau nakala kwa afisa elimu kata. Iandikwe chini kabisa, waione.