Tupeane uzoefu: chesisi (fremu ya chuma inayobeba bodi na injini) ya gari la porini imeliwa na kutu, uliichomelea au uliibadilisha?

Mrithi wa 110 (Moshi)
Wakuu, salama? Nina Land Rover Defender 110 ya 1994, injini 300Tdi, nimeachiwa na baba mdogo kule Kibosho. Lilikuja kutoka Uingereza likiwa limetumika. Bodi ukiliona utasema limetoka kiwandani juzi, maana ni aluminiamu. Wiki iliyopita nimelipeleka Pasua kubadilisha bushi, kijana akaingia chini, kimya, halafu akaita: "Mzee, hebu njoo." Akasukuma bisibisi kwenye kile chuma cha nyuma kinachobeba ndoano ya kuvutia, ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa ukamwagika udongo mwekundu umechanganyika na magamba ya chuma, kama maganda ya karanga.

Fundi wa kwanza anasema viraka, laki tisa, kazi imeisha. Wa pili anasema nitafute chesisi nyingine. Waliopita humu nipeni stori zenu. Nadharia ninazo za kutosha.

Dereva wa Kreta (Arusha)
Pole mkuu. Sisi yetu yanaliwa na tope la magadi na chumvi. Nimeendesha Land Cruiser iliyorefushwa miaka saba. Kwa wasiojua, hapa Arusha Cruiser ya utalii hukatwa chesisi, ikaongezwa kipande ili siti zitoshe, halafu ikafungwa paa la kuinuka. Lile ungio ndilo ugonjwa wenyewe.

Siku hiyo natoka Ngaresero, Ziwa Natron, mlango wa nyuma kushoto ukagoma kufunga. Nikapiga kiganja, nikapiga bega, wapi! Mgeni akasema labda bawaba. Nikalala chini nikakuta ufa umeanzia kwenye mshono wa kuchomelea, umepanda wima kama umechorwa kwa rula. Gari lilikuwa linakunjika mgongo na watu wakiwa ndani. Nilitambaa mpaka Mto wa Mbu.

Bosi akaagiza lichomelewe. Baada ya miezi mitano ufa ukarudi, sentimita mbili pembeni ya ule wa kwanza, kwa sababu chuma cha jirani nacho kilishachoka. Tangu hapo mimi natazama milango. Ukianza kugoma na gari halijagongwa, shuka uangalie chini.

Suzuki ya Babu (Sakina)
Oili chafu wakuu. Kila mwaka kabla ya masika naipulizia chini, nje na ndani ya chesisi. Mama watoto analalamikia matone uani, lakini kutu naisikia kwa majirani tu.

Mchomeleaji (Unga Limited)
Oili inalinda chuma kizima, babu, na uikinge isifike kwenye breki na raba. Chuma kilichokwisha kuchimbika huwezi kukiponya kwa mafuta.

Mrithi, mimi nachomelea chesisi tangu 2003. Mteja akija na tundu, siulizi lina ukubwa gani, nauliza liko wapi. Masikio ya pembeni yanayoshika bodi, na hicho chuma chako cha nyuma, vinakatwa, vinawekwa vipya, chesisi inaishi. Kutu ikiwa pale springi inapokaa, au mikono ya ekseli inapofungwa, au boksi la usukani linaposhika, hapo naanza kukuonea huruma. Na kama ubavu wote wa kulia na kushoto umeoza, sichukui hela yako.

Kupima ni hivi. Osha kwanza, udongo unaficha mambo. Halafu nyundo ndogo, kila shubiri moja. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu "bu". Usiishie chini na pembeni. Pitisha mkono juu, karibu na tanki na pale ekseli inapopita, maana tope hukaa huko na hakuna anayepaosha. Chesisi ya Land Rover ni boksi, inaoza kutokea ndani. Tundu la ukubwa wa shilingi nje, ndani utakuta la kiganja.

Kwenye kuchomelea, kata mpaka ufike chuma kinachong'aa. Anayebandika bati juu ya kutu anazika maiti bila kuiosha. Pleti iwe na unene uleule wa chesisi, siyo mabaki ya geti. Na usikatize ubavu kwa mshono wima, ndio uliompasukia dereva hapo juu. Kiraka changu nakikata umbo la uru kwenye karata, mishono ikae mshazari ili mzigo usikusanyike mstari mmoja. Kabla ya hayo toa nyaya za betri, shusha tanki la mafuta, chomelea vyuma vya kushikilia ili chesisi isijipinde ukishaikata, kisha pima pembe kwa pembe. Mwisho zibua vitundu vya kutolea maji. Kwenye magari mengi ninayopokea vimezibwa kwa tope, maji yanalala humo.

Mama Ndizi (Tengeru)
Fundi, nakupinga kidogo. Hilux yangu ilitoka Japani, karatasi za mnada zilisema Hokkaido, mimi nikafurahia rangi tu. Kumbe huko wakati wa theluji barabara zinamwagiwa chumvi. 2019 nikaweka kiraka cha laki nne. 2021 laki saba. 2022 milioni moja na laki mbili. Kila fundi alikuwa sahihi kwa siku yake, na kila mmoja alinionyesha palipooza tu, hakuna aliyekagua gari zima. Milioni mbili na laki tatu zimekwenda, na bado nikaliuza kama spea. Kaka Mrithi, dai ukaguzi wa chesisi nzima kabla ya kutoa senti ya kwanza.

Msafiri wa Himo
Mimi nilibadilisha. Chuma hakikunisumbua, karatasi ndizo zilinitoa jasho. Nilinunua chesisi ya gari lililopinduka kwa milioni tatu na nusu, tukahamisha injini na bodi kwa wiki tatu, gari likatulia kama jipya. Siku ya nne barabarani askari akapiga magoti kwenye tairi la mbele kulia, akafuta tope kwa kidole gumba, akasoma namba iliyogongwa kwenye chesisi. Akatazama kadi yangu. Akanitazama mimi. Namba mbili tofauti, na aliyeniuzia hakunipa kadi wala mkataba. Gari lililala kituoni miezi minne.

Ukitaka kubadilisha, shika mkataba wa mauziano na kadi ya gari lililotoa hiyo chesisi, uende polisi kwa ukaguzi na TRA kabla bodi halijanyanyuliwa. Na fundi akikushauri mkate kipande chenye namba yako mkipachike kwenye chesisi ya pili, chukua ufunguo wako uondoke.

Mrithi wa 110 (Moshi)
Wakuu, mrejesho. Leo tumeosha kwa presha na kupiga nyundo saa nzima. Mbele mpaka katikati inalia, mikono ya ekseli imeshika chuma kizima, sehemu yenye namba iko safi. Nyuma ya ekseli ni "bu" mwanzo mwisho, pande zote mbili. Kwa hiyo nabaki na chesisi yangu, nakata mkia. Uingereza wanauza hicho kipande cha nyuma kikiwa tayari, hata kilichochovywa zinki. Nimeuliza bei na usafiri, nikashukuru, nikakata simu. Mchomeleaji, nimekutumia ujumbe, nakuja Unga Limited Jumatatu.

Udongo uliotoka ndani umejaza ndoo moja na nusu. Bibi wa watoto anauliza kama unafaa kwa migomba.