Kikundi cha WhatsApp cha Wana wa Bombo, Uganda: Safari ya Bibi Istanbul

JUMATANO JIONI

Mama Nuru: Asalaam aleikum ndugu zangu. Tiketi zimetoka, alhamdulillahi. Ni mimi, Baba Nuru, watoto wawili na Bibi. Entebbe 04:05, Jumamosi, moja kwa moja hadi Istanbul. Tutakaa angani kama saa saba. Tuombeeni dua, na mwenye uzoefu wa kusafiri usiku aseme.

Shangazi Zainabu: Waleikum salaam mwanangu. Mashallah! Basi dua tunaisoma hapa kwangu Jumamosi baada ya alasiri, mwalimu wa madrasa nimeshamwambia. Mchele upo, mbuzi yupo. Mtaondoka mmeshiba.

Yasini: Shangazi, Jumamosi alasiri hao watakuwa wapi?

Shangazi Zainabu: Si hapa kwangu? Kwani ndege si ya usiku?

Yasini: Ya usiku, lakini ni usiku wa kuamkia Jumamosi. 04:05 ni saa kumi na dakika tano alfajiri. Ikifika alasiri Bibi keshatua Uturuki, nyinyi mnakula pilau wenyewe.

Jamila: 😂😂😂

Shangazi Zainabu: Pilau haina hasara.

Yasini: Mnacheka, lakini mimi kazi yangu ni kupeleka watu Entebbe. Kuna mama nilimfikisha Jumapili usiku, masanduku matatu na keki ya harusi mapajani, tiketi yake ya Jumapili 03:40. Ndege iliondoka yeye akiwa bado amelala kwake Wandegeya. Keki tulirudi nayo.

Shangazi Zainabu: Ya Rabi. Basi dua ni Ijumaa, tukitoka msikitini. Mwalimu namwambia sasa hivi.

Mama Nuru: Asante Yasini. Sasa Ijumaa tutoke Bombo saa ngapi?

Yasini: Saa nne kamili usiku, dada, na si saa nne ya kuanza kutafuta viatu vya watoto. Kaunta muwe mmefika saa saba. Ijumaa ya Desemba foleni za Kawempe na Bwaise hazitabiriki, na mvua ikinyesha Bwaise inajaa maji. Nitaingia Northern Bypass, nitokee Busega, nishike Expressway, ile barabara ya kulipia ya Entebbe. Pale ushuru ni shilingi 5,000, tangu walipoanza kutoza Januari 2022. Tukifika geti la uwanja abiria wote mnashuka, mnakaguliwa kwa miguu, gari napita nalo upande wa pili. Kwa hiyo Bibi asivae viatu vya kamba.

Mjomba Juma: Nimechelewa kuona, nilikuwa dukani. Hongereni. Mimi nilipokuwa nafanya kazi Ghuba ndege zote zilikuwa za usiku, kwa hiyo nisikilizeni. Moja, wachosheni watoto mchana kutwa, wasilale kabisa, watalala kwenye ndege kama magunia. Mbili, yule mdogo akisumbua mpeni Piriton kidogo.

Jamila: Mjomba, hapana. Kwa heshima zote, hapana.

Mjomba Juma: Mbona sisi tulipewa?

Jamila: Piriton ni dawa ya mzio, haikutengenezwa kumlaza mtoto wa miaka minne kwa sababu majirani wa kiti wanataka kulala. Na kuna watoto inawageuza, badala ya kusinzia wanapanda juu ya viti. Mama Nuru usithubutu.

Shangazi Zainabu: Hata hilo la kuwachosha silikubali. Mtoto aliyechoka kupita kiasi halali, analia. Ijumaa wakishakula pilau walazwe mpaka magharibi. Saa nne waingie kwenye gari na nguo zao za kulalia, masweta juu.

Mama Nuru: Hilo nimelipenda.

Mjomba Juma: Haya, nimepigwa mbili bila. Lakini hili la tatu hamtanipinga: ndege inaelekea kaskazini, kwa hiyo jua litatokea mkono wa kulia. Nuru anayetaka kuona mawio akae dirisha la kulia. Anayetaka kulala mpaka Istanbul ahamie kushoto.

Yasini: Hapo Mjomba umesema kitu.

Mjomba Juma: Na msitegemee kuona Khartoum chini. Tangu vita vya kule vianze Aprili 2023, ndege nyingi zinaizunguka anga ya Sudan.

JUMATANO USIKU

Baba Nuru: Salaam wote. Ratiba ya siku ya kwanza hii hapa: tunatua saa tano asubuhi, saa saba tuko hotelini, saa nane msikiti wa Ayasofya, saa kumi tunapanda meli ya Bosforasi, usiku tunakula samaki pale darajani.

Jamila: Shemeji, hiyo ni likizo au kambi ya jeshi?

Baba Nuru: Siku ni chache, shemeji yangu. Na Istanbul na Kampala saa ni moja! Hakuna kuchanganyikiwa usiku na mchana kama wanaokwenda Marekani.

Abdalla (Istanbul): Nimeamshwa na simu zenu 😅 Baba Nuru, saa ni moja kweli, huku hawabadilishi tena saa tangu 2016. Lakini jua si moja. Mwezi huu linachomoza saa mbili na dakika ishirini asubuhi, na saa kumi na mbili kasoro jioni limeshazama. Meli ya saa kumi utaona machweo, kisha giza na upepo. Joto nyuzi nane, mchana!

Mama Nuru: Nane???

Abdalla: Nane, dada. Koti la kila mtu liwe kwenye begi la mkononi. Kuna watu wanafungia makoti kwenye masanduku, halafu wanatetemeka wakingojea mkanda wa mizigo uanze kuzunguka.

Abdalla: Na hoteli nyingi huku chumba wanakupa saa nane mchana. Ukifika mapema wanapokea mizigo, wewe unakaa sebuleni. Waandikieni leo kwamba mna mzee na watoto mmetoka safari ya usiku. Wakati mwingine wanatoa chumba mapema bila malipo, wakati mwingine wanataka nyongeza. Mimi ningelipa.

Baba Nuru: Kulipa ili tulale mchana Istanbul?

Jamila: Kulipa ili Bibi anyooshe miguu. Shemeji, ngoja nikueleze kama muuguzi, si kama shemeji. Kweli hamtavuka saa, lakini usiku mzima hamtalala. Kukosa usingizi ni kukosa usingizi, hata ungekaa Bombo. Halafu mle ndani hewa imepunguzwa kiasi cha mtu aliye mita 1,800 mpaka 2,400 juu ya bahari, yaani mtakaa saa saba kama mko Kabale, tena Kabale ya hewa kavu, unyevu chini ya asilimia 20. Midomo inapasuka, kichwa kinagonga, miguu inavimba. Mwenye pumzi nzuri halisikii sana, Bibi atalisikia.

Jamila: Kwa hiyo Bibi anywe maji kidogo kidogo, azungushe vifundo vya miguu hata akiwa amekaa, na kila akiamka atembee mpaka mwisho wa njia na kurudi. Damu isitulie sehemu moja. Soksi za kubana nitamletea Ijumaa, lakini kwanza nimuulize daktari wake.

Mama Nuru: Na sindano zake za sukari?

Jamila: Begi la mkononi, na karatasi ya daktari. Zisiwekwe kabisa kwenye sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege, insulini ikiganda imeharibika. Uzuri ni kwamba saa za huku na huko ni sawa, ratiba yake ya dawa haiguswi. Dawa za presha pia mkononi. Sanduku linaweza kupotea, presha haipotei.

Abdalla: Na pawabenki pia mkononi, wasiiweke kwenye sanduku. Halafu… kuna mtu ananiletea odii? 🙏

Shangazi Zainabu: Nimeshasaga kilo mbili, ya ufuta na karanga. Bibi ataibeba kwenye mkoba wake asiiache mbali.

Yasini: Shangazi, kwenye mkoba wataichukua pale ukaguzi. Odii kwao ni kimiminika, na mwisho ni mililita 100 kwa chupa. Iende kwenye sanduku, katika kopo la kufunga, mifuko miwili juu yake.

Shangazi Zainabu: Odii kimiminika? Hiyo odii yangu kijiko kinasimama!

Mjomba Juma: Waambie nsenene je, wale panzi wa kuliwa? 😂 Mnamkumbuka yule wa Novemba 2021 aliyesimama ndani ya ndege ya Dubai akaanza kuuza nsenene kwa abiria, kwenye mfuko wa kaveera?

Yasini: Bibi angenunua.

ALHAMISI ASUBUHI

Jamila: Nimewaza usiku. Bibi tumuombee kigari cha kusukumwa uwanjani. Ni huduma ya bure, lakini shirika linataka kuarifiwa mapema. Pigeni simu leo hii.

Mama Nuru: Nilimwambia Bibi. Hajanijibu, alichukua jembe akaenda shambani.

ALHAMISI MCHANA

Mama Nuru: Bibi katuma sauti ya dakika nne. Nimeiandika kwa wasio na bando:

*"Nimekaa namsikiliza Nuru akinisomea mambo yenu. Mnanisema kama mzigo wa mihogo. Mmesahau nani humu alitangulia kupanda ndege? Nilipokwenda Hijja tuliondoka hapohapo Entebbe, usiku, na Juma wakati huo hajaiona hiyo Ghuba yake. Sasa nisikilizeni.*

*Nilikula nyumbani mapema, wali na mchicha, bila maharage. Maharage na ndege havipatani, asiyejua atajua. Viatu nilivua mapema, lakini wakati wa kushuka havikuingia, miguu ilikuwa imejaa. Nikashuka Jeddah na malapa ya chooni. Safari hii naanza na malapa kabisa, viatu nivibebe.*

*Chai sikunywa. Hajati mwenzangu alikunywa kila walipopita, na kila mara ananipanda mapajani kwenda chooni. Kwa hiyo mimi nipeni kiti cha njiani, sitaki dirisha. Usiku dirishani kuna nini? Nilijifunika leso yangu mpaka usoni, nikavuta tasbihi. Usingizi haukuja, lakini aliyefumba macho na kunyamaza amepumzika. Walionichosha ni waliowasha zile televisheni.*

*Ndege ikianza kushuka, mwamsheni Swaleh mumpe pipi au maji. Akimeza, masikio hayamuumi. Msimwache alale wakati wa kushuka, ataamka analia.*

*Alfajiri itaingia tukiwa juu. Nitaswali nimekaa, Mola anajua hakuna pa kusimama.*

*Mkwe wangu Baba Nuru, nakupenda. Lakini hiyo meli panda wewe. Mimi Jumamosi ninaoga, ninakula supu, ninalala. Jumapili nitakwenda popote utakapo, hata kwa miguu. Na kigari sikitaki, mimi si mgonjwa."*

Shangazi Zainabu: Mama kamaliza. 🙌

Baba Nuru: Nimesikia Mama. Meli ni Jumapili asubuhi. Nimeandikia hoteli pia, wamekubali kutupa chumba kimoja saa sita kwa nyongeza kidogo. Cha pili tutangoja.

Abdalla: Sawa kabisa. Jumamosi mchana mtembee tu mtaani, mpate mwanga na hewa, mle mapema, isha ikiingia mlale wote. Jumapili mtaamka wapya. Ila kuhusu kigari, Bibi, naomba nikuambie kitu. Uwanja wa huku ni mkubwa mno, kutoka mlango wa ndege mpaka pasipoti ni mwendo. Na mwenye kigari mara nyingi anapitishwa pembeni, hapangi ile foleni ndefu, na aliofuatana nao wanapita naye.

Mama Nuru: Bibi anauliza: wote watano?

Abdalla: Mara nyingi, inshallah.

Mama Nuru: Anasema kiagizwe.

Mjomba Juma: 😂😂😂 Banange, Mama!

IJUMAA USIKU

Yasini: Saa 4:25 tumetoka Bombo. Kiatu kimoja cha Swaleh kilikuwa kwenye banda la kuku.

Yasini: Saa 6:05 Busega. Bwaise haikuwa mbaya. Watoto wote wamelala, Baba Nuru pia. Bibi ndiye ananielekeza njia.

Shangazi Zainabu: Kadi za homa ya manjano wamebeba? Wakirudi Entebbe wataulizwa.

Mama Nuru: Ziko na pasipoti, Shangazi. Odii iko sandukuni, makoti mkononi, dawa ninazo mimi.

Yasini: Saa 7 kasoro dakika 10. Wameingia ndani, kigari kilikuwa kinangoja mlangoni. Bibi kakaa, kampakata Swaleh, na mkoba wa Nuru juu yake. Mimi nageuza. Sasa ndugu zangu, petroli na ushuru wa kwenda na kurudi, nani alisema atachangia?

Jamila: Mimi nimetuma elfu ishirini, angalia simu.

Shangazi Zainabu: Ya kwangu ni pilau, pitia uchukue. Sufuria ya mwisho nimekuwekea.

Yasini: Mjomba Juma?

Yasini: Mjomba, naona alama mbili za bluu.

Mjomba Juma: Betri yangu inaisha mwanangu. Kesho.