Mama kahamia kwangu Dar, sasa kunyanyuka kwenye sofa imekuwa shughuli

BintiPangani
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana hili jambo linanikosesha usingizi. Mama yangu ana miaka 71, baada ya msiba wa mzee tulimtoa Pangani tukamleta kwangu Tabata kwa nia nzuri kabisa. Kule alikuwa anafagia uwanja mwenyewe, anachota maji, anakuna nazi, anazungukia kashamba kake afu jioni anakaa mkekani barazani na wenzie. Hapa kwangu dada wa kazi anafanya kila kitu, yeye ni sofa na tamthilia za Kituruki mpaka usiku. Sasa ni miezi nane hivi, akitaka kunyanyuka anajisukuma na mikono mara mbili tatu, ikishindikana anaita mjukuu amvute. Juzi nimemkuta anasali kwenye kiti, mama ambaye Pangani alikuwa anashuka sijida na kuinuka bila kushika kitu, roho iliniuma jamani. Hospitali presha na sukari viko sawa, goti lilipigwa picha wakasema limesagika kidogo tu, tukapewa dawa za maumivu basi. Hivi huu ni uzee au ni hili sofa? Nimrudishe kwao au?

Kijogoo wa Buguruni
Dada usijipe presha, 71 ndo uzee wenyewe huo. Mtu kalea watoto kwa jembe la mkono leo kapata sofa mnataka kumkimbiza mchakamchaka, mwacheni mama wa watu apumzike.

fizio_mtaani
Kijogoo hapo sikubaliani na wewe kabisa, ndo tunavyowamaliza wazazi kwa mapenzi hivyo hivyo. Mimi kazi yangu ni mazoezi tiba na kina mama wa aina hii nawapokea kila wiki, na hadithi ni moja, alikuwa kijijini mzima kaja mjini kustareheshwa kalegea. Umri unapunguza nyama za misuli ni kweli, na kwa wanawake baada ya kukoma hedhi hali inazidi, ila msuli usiotumika unaisha haraka kuliko huo uzee mnaousingizia. Unaokutoa kitini ni msuli wa mbele ya paja pamoja na wa makalio, na zile kazi za Pangani zilikuwa zinaitumikisha misuli hiyo kila siku bila yeye kuziita mazoezi.

Mpime mwenyewe hapo hapo nyumbani. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kimo cha kawaida kama sm 43, kiegemeze ukutani kisiteleze, mama akunje mikono kifuani, asimame wima kabisa akae tena, hesabu ndani ya sekunde 30, na wewe simama karibu yake. Kwa mwanamke wa miaka 70 mpaka 74 ikiwa chini ya 10 ujue miguu imepungua nguvu na hatari ya kuanguka ipo. Akijisukuma na mikono unaandika sifuri, usimwonee huruma.

Sofa lenu nalo ni tatizo, yale yanayodidimia makalio yanashuka chini kuliko magoti, hata mimi kutoka humo naguna. Mpe kiti kigumu cha juu kidogo, na kila nusu saa ainuke hata kama ni kwenda mlangoni na kurudi. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema wenye miaka 65 kwenda juu wafanye mazoezi ya nguvu na ya kutopepesuka angalau siku tatu kwa wiki, sasa kusimama na kukaa mara nane, apumzike, arudie tena, hiyo tayari ni nguvu. Ila ukiona mguu mmoja umevimba, au ganzi, au udhaifu umemjia ghafla upande mmoja, hapo sio sofa tena, wahi hospitali.

Mtu wa Karatu
Niongezee kidogo. Mnawajua Wahadzabe wa huku Ziwa Eyasi, kuna watafiti waliwafunga vifaa mapajani kupima wanakaaje, wakatoa matokeo 2020. Ikaonekana wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, yaani wala hawatuzidi sana sisi wa maofisini!! Tofauti ni kwamba wao wanachuchumaa, wanapiga magoti, wanakaa chini, na vipimo vilionyesha misuli ya mguu kwenye kuchuchumaa inaendelea kufanya kazi kuliko ukiwa kitini. Kwa hiyo dada mamako Pangani alikuwa anakaa pia, ila mkeka unakudai nguvu kuushuka na kuuacha, sofa halidai kitu.

mwana_wa_Kisauni
Huku Mombasa mamangu tulimnunulia blenda ya nazi tukaficha mbuzi stoo, mwaka haujaisha akaanza kulia miguu. Tukamrudishia mbuzi wake. Afu hizo tamthilia usimkataze, atakununia bure, mwambie tu matangazo yakiingia asimame mpaka yaishe, wangu sasa hivi ndo anatuinua sisi.

fizio_mtaani
Hiyo ya matangazo naiiba 😂 Ila mbuzi yuko chini sana kwa goti lililosagika, aanze na kigoda kirefu kidogo, akizoea ndo ashuke.

BintiPangani
Nimerudi wakuu, wiki ya sita leo. Siku ya kwanza alipata sifuri, mikono inakimbilia kitini yenyewe, akanigombeza eti namfanyia mtihani uzeeni. Jana amepata 7. Sofa tumelisukuma kona, anakaa kiti cha dining chenye mto mwembamba. Mbuzi nilinunua Ilala, akamgeuza geuza akasema mbuzi wa mjini hana meno, ikabidi aagizwe wake kutoka nyumbani kwenye basi. Habari ya kurudi Pangani hajaitaja tena, sasa mwenye malalamiko ni dada wa kazi, anasema jiko limechukuliwa. Sijida bado hajafika, anasali kitini, ila jana alichambua mchele kwenye kigoda peke yake, na kunyanyuka alishika ukuta, mjukuu hakuitwa.