Ser, estar na ndugu zao: maneno ya Kihispania yanayotuumbua, tupeane uzoefu

Mdau wa Moshi: Wakuu, jana kuna dogo anajifunza kuongoza wageni, kachoka kusubiri getini, akawaambia Wahispania "soy aburrido". Kumbe kajitangaza yeye ndiye mtu wa kuchosha! "Estoy aburrido" ndiyo yenyewe: soy inatoka kwa ser, estoy kwa estar. Tiririkeni.

Ngalawa: Huku Mnemba ni pez na pescado. Aliye hai majini ni pez, akishavuliwa awe wa kula ndiyo pescado. Nahodha wetu anaonyesha samaki wa rangi, "¡pescado!", wageni wanauliza tunakula saa ngapi.

Kichwa Ngumu: Ser ni "ni", estar ni "yuko". Mjadala umefungwa.

Mdau wa Moshi: Mtu akifa wanasema "está muerto", kwa estar. Yuko safarini, atarudi?

Binti Lamu: Na "la cena es en el hotel"? Chakula cha jioni kiko hotelini, lakini ni shughuli, inachukua ser. Hoteli yenyewe ndiyo "está en Arusha".

Kichwa Ngumu: Mnapenda ubishi tu.

Mgumu Mstaafu: Mmenikumbusha kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mita 4,600 na ushee, usiku wa kwenda kileleni. Tuna mke na mume wa Sevilla. Mama anatoka hemani kashika kichwa: "estoy mala". Yaani anaumwa. Mwenzangu, muongozaji msaidizi, akadhani mama anajidharau kwamba hajui kupanda, akaona amtie moyo. Kamuelekezea taa ya kichwani usoni, kwa upole kabisa: "¡No, señora, usted está buena!" Wakuu, "es buena" ni mtu mwema. "Está buena" huambiwa mwanamke anayetamanisha. Mume alikuwa anafunga kamba za buti, mikono ikaganda. Wagumu, yaani wapagazi, kimya. Mama akaangua kicheko, kicheko kikageuka matapishi. Hapo sarufi basi, tukashuka naye usiku uleule kuelekea Mweka. Getini mume akampa mwenzangu mkono, bahasha ya bakshishi akanipa mimi.

Ngalawa: Na "usted" juu! Heshima imezingatiwa 😂😂

Dada wa Valencia: Ila huku Hispania "estoy mala" mwanamke husema hata akiwa hedhini. Mlijuaje ni mlima?

Mgumu Mstaafu: Dada, kichwa kinapasuka na anatapika kwenye mwinuko ule. Ulitaka tumngojee mpaka lini?

Dada wa Valencia: Sawa. Sisi tunaolea wazee huku, ugonjwa wetu ni "¡vengo!" Bibi akiita, mtu wa kwetu anaitika kama anavyosema "nakuja". Kwao ni "¡voy!", yaani "naenda", hata kama unaelekea kwake.

Binti Lamu: Pedir na preguntar hazitusumbui lakini, kuomba na kuuliza tunazo. Wazungu wengine ndiyo wanalia.

Kichwa Ngumu: Sikilizeni matangazo ya mpira ya Kihispania, yatawanyoosha.

Ngalawa: Wale wanavyokimbiza? Utatoka unajua "gol" tu.

Mdau wa Moshi: Por na para je?

Binti Lamu: Hiyo ifungulie uzi wake, tafadhali.